Naomba ushauri: nithibitisheje kwamba 6,700,417 ni namba tasa?

Wadau wa hisabati, salaam. Ninaandaa somo kuhusu 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukijumlisha 1, ambayo Fermat aliidhania kuwa namba tasa hadi Euler alipoonyesha mwaka 1732 kwamba ni 641 mara 6,700,417. Kigawo cha kwanza hakinisumbui. Hicho cha pili ndicho kilichonikwamisha, kwani kipeuo chake cha pili kinazidi 2,588, nami nimegawanya kwa mkono kwa namba tasa zote hadi 97 (daftari limeshajaa) na kila mara pamebaki baki. Je, inatosha kujaribu zile tu zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 64? Na kama inatosha, vijana wa kidato cha tatu niwaelezeje sababu yake?