Sensa ijayo ituulize kabila, au tuendelee hivihivi?

Mtaa wa Tano (mleta mada): Wadau, naomba tujadili bila matusi. Mara ya mwisho sensa yetu kumuuliza Mtanzania kabila na dini ilikuwa 1967. Tumehesabiwa 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na maswali hayo hayamo. Mwaka 2022 karani alikuja na kishikwambi, akauliza umri, elimu, kazi, ulemavu, hadi choo. Tukaambiwa tuko 61,741,120. Lakini ukitaka kujua Wahadzabe wanaongezeka au wanapungua, sensa haina jibu. "Makabila zaidi ya 120" tunayataja tangu shule ya msingi. Nchi unaijuaje kama hujui waliomo ni akina nani? Tumebaki na maneno ya vijiweni: Mchagga ni biashara, Mhaya ni shule, Kusini ni korosho tu basi.

Mzee wa Chati: Napinga kwa nguvu zote. Mkoloni ndiye aliyetutawala kwa mafungu ya makabila na machifu wake. Utawala wa machifu tukaufuta 1963, na haikuwa bahati mbaya. Majirani zetu Rwanda, Wabelgiji waliwaandikia kabila kwenye vitambulisho, na 1994 vitambulisho hivyohivyo vilitumika vizuizini kuamua nani auawe. Mleta mada, hilo umelifikiria?

Bint Newala: "Kusini ni korosho tu basi"? Haya. Gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar 2004. Songo Songo iko Kilwa, mkoa wa Lindi. Ikaja ya Mnazi Bay, Mtwara, kwa bomba lililozinduliwa 2015. Miaka yote hiyo mlikuwa mnawasha feni kwa gesi ya kina nani?

Mtaa wa Tano: Dada yangu, nimesema ni maneno ya vijiweni. Soma tena, tuko upande mmoja.

Bint Newala: Nimesoma. Wenzetu mmewapa biashara na shule, sisi "tu basi". Hata kwenye mfano mmetuweka mwisho.

Reli ya Kati: Gesi ni mali ya taifa, si ya mkoa. Mlileta fujo 2013 mkidai gesi isitoke Mtwara, nchi ingeendeshwaje hivyo? Dar ina watu zaidi ya milioni saba, umeme lazima uende kwenye watu.

Mzee wa Chati: Milioni saba umezitoa wapi? Sensa ya 2022 inasema Dar ni 5,383,728. Halafu mkitoka hapo mnataka tuhesabu na makabila!

Reli ya Kati: Mchana Dar inabeba watu wengi kuliko wanaolala pale usiku wa sensa, kila mtu anajua. Hoja yangu ni gesi.

Bint Newala: Na hoja yangu ni kwamba watu walioandamana 2013 hawakusema gesi si ya taifa. Walitaka viwanda na ajira vianzie inakochimbwa. Sisi tumeshaona kwenye korosho. Viwanda vya kubangua vilijengwa miaka ya 1970, vingi vikafa au vikageuzwa maghala, na mpaka leo sehemu kubwa ya korosho inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam wakabangue wao. Mwaka 2018 bei ilipovurugika serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba mzigo. Muulize mkulima wa Newala ule msimu ulimwacha vipi. Kabila lake halitakueleza kitu.

Shamba la Mbozi: Dada anasema kweli, na hili la sifa za mikoa linanikera siku nyingi. Ukitaja kahawa kila mtu anasema Kilimanjaro. Kahawa nyingi ya nchi hii inatoka Kagera, na arabika nyingi inatoka huku Songwe, Mbeya na Mbinga kule Ruvuma. Kilimanjaro mibuni imezeeka, vihamba (mashamba ya familia) vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vimekuwa viraka, wengine wameng'oa wakapanda ndizi na mboga. Lakini jina limebaki kulekule.

Kihamba: Usituzike mkuu. Kahawa ya mlimani ina soko lake na KNCU, ushirika wetu wa Kilimanjaro, ni miongoni mwa vyama vikongwe vya ushirika wa kahawa Afrika, mizizi yake ni miaka ya 1920. Nyinyi mlijifunza kwa nani?

Shamba la Mbozi: Tunazungumza tani, wewe unaleta historia.

Jirani wa Kwale: Ndugu zangu, natoka Kenya, hebu nichangie mada yenyewe. Sisi tunauliza kabila. Mwaka 2019 tulihesabiwa 47,564,296, na matokeo yalipotoka watu walikimbilia jedwali la makabila kupiga hesabu za kura. Hilo ni baya. Lakini huku kwetu Wamakonde waliishi miaka na miaka bila vitambulisho, mpaka 2016 wakatembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wachache wasipoandikwa popote, ni rahisi sana kuwasahau.

Bint Newala: Wamakonde hao wengi asili yao ni Msumbiji, wazee wao walikwenda kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa. Huku kwetu Mmakonde hakuhitaji kutembea popote ili awe Mtanzania. Hapo namuunga mkono Mzee wa Chati.

Mtaa wa Tano: Basi angalau Wahadzabe na wengine wachache kama wao wahesabiwe. Wanaishi kwa kuwinda na kukusanya kando ya Ziwa Eyasi, na ardhi yao inamegwa na wakulima na wafugaji. Utawalinda vipi usipojua wako wangapi?

Mzee wa Chati: Walindwe kwa hati ya ardhi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011, na haikusubiri swali la kabila kwenye sensa. Sensa iulize ardhi: nani ana hati, nani analima pa kukodi, nani amehamishwa.

Reli ya Kati: Kuhusu ardhi naafiki. Ila dada wa Newala akumbuke Daraja la Mkapa pale Rufiji lilijengwa kwa mikopo na pesa ya taifa zima. Kabla ya 2003 mlikuwa mnasubiri pantoni.

Bint Newala: Tulisubiri miaka zaidi ya 40 baada ya uhuru, kaka, tukilipa kodi kama nyinyi. Na la kubangua korosho bado hujalijibu.