Kwa nini picha ya mahaba na picha ya hatari huinua wimbi lilelile la ubongo?

Binti wa Kirumba:
Habari za jioni, ndugu zangu. Baba yangu ni mvuvi wa dagaa, na tangu mwenzake alipozama ziwani hawezi kuona picha ya mtumbwi bila kugeuza uso. Katika kutafuta maelezo nimesoma kwamba watafiti humvika mtu kofia yenye elektrodi, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme, wakamwonyesha picha za kupendeza, za kutisha na za kawaida, huku wakipima umeme wa ubongo wake. Kinachonitatiza ni kwamba picha ya wapenzi waliokumbatiana na ya nyoka anayetaka kuuma huinua wimbi lilelile, ilhali picha ya kiti hailiinui kiasi hicho. Je, ubongo haupambanui furaha na hofu?

Mwalimu wa Nyegezi:
Binti yangu, ubongo hupambanua, ila wimbi hilo si mahali pa kulitafutia jibu. Huanza kuinuka takriban milisekunde 400, yaani chini ya nusu sekunde, baada ya picha kutokea, huonekana zaidi utosini kuelekea kisogoni, na huweza kudumu muda wote picha ingali mbele ya macho. Hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja, kiasi kidogo mno ambacho kupepesa macho tu hukifunika. Kwa sababu hiyo picha nyingi za aina moja huonyeshwa na matokeo yakatafutiwa wastani. Ukubwa wake hufuata zaidi kiasi cha msisimko kuliko uzuri au ubaya wa picha, kana kwamba ubongo unasema: jambo hili linakuhusu, usiliache. Tangu daktari Hans Berger aliponasa umeme wa ubongo wa binadamu huko Ujerumani mwaka 1924, wapo waliotamani kusoma mawazo kwa kipimo hiki, na kwa maoni yangu tamaa hiyo imewapotosha wengi.

Muuguzi wa Sengerema:
Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuongeza. Tafiti nyingi za aina hii zimetumia mkusanyiko wa picha wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, ambao kila picha yake ilikwisha kupewa alama na watazamaji kwa jinsi inavyopendeza na inavyosisimua. Sasa, mtumbwi uliotulia majini, ambao kwa mgeni ni picha ya kawaida kama kiti, kwa baba wa dada huyu si wa kawaida hata kidogo. Ningepewa utafiti huo hapa Mwanza, ningeanza mwaloni, niwaulize wavuvi wenyewe kila picha ina uzito gani kwao.

Binti wa Kirumba:
Nawashukuru sana. Je, wimbi hilo laweza kupungua?

Mwalimu wa Nyegezi:
Laweza. Mtu akielekezwa kuipa picha ileile maana isiyo na uchungu mwingi, wimbi hupungua ingawa macho yake hayajabanduka. Lakini hayo ni ya maabara. Usimlazimishe baba kutazama mitumbwi nyumbani. Ikiwa hapati usingizi au ameacha kwenda ziwani, mfuatane hospitali, aonane na mtaalamu wa afya ya akili.