Naomba ushauri: pH ya uji wa kimea inagoma kushuka

Wakuu, habari za wakati huu. Natengeneza bia nyumbani, niko London, na maji ya bomba ya huku ni magumu kwelikweli. Birika linaota ukoko mweupe wa chokaa ndani. Nikipika stauti (bia nyeusi) sipati shida, kwa sababu kimea kilichochomwa kina asidi yake na kinaimudu chokaa. Taabu ni bia nyepesi ya kimea cheupe.

Programu ya kukokotoa inanitabiria uji, yaani kimea kilichosagwa kikichanganywa na maji moto, utakuwa na pH (kipimo cha uasidi; ikiwa juu, asidi ni kidogo) ya 5.4. Nachota uji dakika ya 15, naupoza hadi nyuzi 20 ndipo napima: 5.7, mara 5.8. Kipimo nakisawazisha kwa vimiminika vya pH 4 na 7 kabla ya kila pishi, kwa hiyo sidhani tatizo liko hapo. Mimi nashuku takwimu za maji ninazoingiza, maana ripoti ya kampuni ya maji inatoa wastani tu. Je, niwe napima alkali ya maji (uwezo wake wa kuzuia pH isishuke) mwenyewe siku ya kupika?

Pia naomba uzoefu wenu kwenye kurekebisha. Asidi laktiki ikizidi, ladha yake inasikika kwenye bia. Kimea chenye asidi, kila 1% ya nafaka inashusha pH kama 0.1, lakini kwa maji haya si kitatakiwa kingi mno? Au nichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa madini, halafu niongeze jasi kidogo (chumvi ya kalsiamu inayosaidia kushusha pH)? pH ikibaki juu bia inatoka na ukakasi wa maganda, na hii nataka sana iwe safi.