Muvi za Ulaya za siku hizi, munazionaje?

Asalaam aleikum. Hivi humu kuna anayefuatilia muvi za Ulaya za miaka hii? Mie nimeangalia Anatomy of a Fall, ile ya Justine Triet ilochukua Palme d'Or, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes, 2023, mume kaanguka kafa, mke kashtakiwa, na mpaka inakwisha hawakwambii khasa kilotokea. Pale mahakamani wanapowasha rekodi ya ugomvi wao ndani ya nyumba nilizima feni nisikie vizuri. Nyie munazipenda au zinawachosha?

Mtu wa Wete: Zinachosha yakhe, ila sio zote. Flow ya Latvia, paka na mafuriko, hamna neno hata moja, wanangu wameangalia hakuna alouliza wanasema nini lol. Imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure kabisa, na ikachukua Oscar 2025!! Yule paka wallahi ndo wa mtaani kwetu.

Bi Darajani: Tizameni Fallen Leaves ya Kaurismäki wa Finland, dakika 81 tu, bando haliumii. Mwanamke wa supamaketi na kibarua mlevi, wanaongea kama maneno yanauzwa, redioni habari za vita Ukraine, na bado utacheka. The Zone of Interest sirudii, ukuta wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Manazi, upo hapo bustanini kwa mkuu wa kambi, ya ndani hawakuoneshi unasikia tu.

Muulizaji: Shukran bi mkubwa, hiyo ya Finland naishusha usiku bando la bei chee likianza