Mombasa hadi Pangani kwa gari: tuanze na maporomoko au na bahari?

MkaaziWaTudor

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwezi wa Agosti tunakusudia kusafiri kwa gari letu kutoka Mombasa, kwa barabara ya pwani ya kusini, hadi Pangani nchini Tanzania, kwa muda wa siku sita. Tutakuwa watano: mimi na mume wangu, watoto wetu wa miaka 9 na 12, na baba mkwe mwenye umri wa miaka 68, ambaye bado anatembea vizuri ila magoti humsumbua akiteremka. Tungependa kufika maporomoko ya Sheldrick katika Shimba Hills na yale ya Amani, milimani juu ya Muheza huko Tanzania, na kuogelea Diani, Shimoni na Ushongo ya Pangani. Mwaka jana tulifika Diani siku mbili mfululizo, maji yakiwa yamekupwa hadi mwambani, na watoto wakaishia kurukaruka juu ya mawe na mwani wakitafuta mahali penye maji ya kuwafika magotini. Je, tupange vipi safari hii, na mzee ataweza?

JiraniWaKwale

Dada, karibuni kwetu. Mkivuka Likoni, au mkizunguka kwa Dongo Kundu ikiwa foleni ya feri ni ndefu, mtakata kulia kabla ya kufika Tiwi na kupanda hadi Kwale. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo kilipieni kabla ya kufika getini. Askari wa wanyamapori huwasindikiza wageni hadi kwenye maporomoko saa nne asubuhi na saa nane mchana, na hamruhusiwi kuteremka peke yenu, kwa sababu njia hiyo ni ya tembo pia. Mara ya mwisho tulikuta kinyesi chao katikati ya njia, bado kinafuka mvuke, na askari akatusimamisha kimya kwa dakika kadhaa, akisikiliza matawi yanavyovunjika bondeni, kabla ya kuturuhusu kuendelea.

Mwendo ni kama kilometa mbili za kuteremka, kisha mnaipanda njia ile ile. Maji huanguka kutoka zaidi ya mita 20 na chini kuna kidimbwi cha maji baridi ambamo watoto watapenda kuoga. Magoti ya mzee yataumia wakati wa kushuka na pumzi itamkatika wakati wa kupanda, kwa hiyo mpeni mkongojo na mwambieni askari mapema ili mwendo uwe wa taratibu. Akiona hawezi, mandhari ya kule juu yanatosha, na huenda akabahatika kumwona palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu, ambaye katika Kenya nzima hupatikana hapo Shimba Hills tu.

MtotoWaNahodha

Kosa la mwaka jana halikuwa la ufukwe, lilikuwa la kalenda. Huku kwetu, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mnamo saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ambapo maji hayajai wala hayapwi sana, mambo hugeuka, na bahari hujaa wakati wa asubuhi. Kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Kwa hiyo ondokeni Mombasa siku ya bamvua, nendeni Sheldrick saa nne wakati bahari iko mbali, kisha mteremke Diani muoge jioni maji yakiwa yamejaa mchangani.

Njiani kuelekea Shimoni, simameni Gazi, ambako kina mama wamejenga njia ya mbao katikati ya mikoko na huwapikia wageni wanaotoa taarifa mapema. Wakazi wa hapo wanaitunza mikoko hiyo na kuuza hewa ya ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, na fedha huingia katika maji na shule za kijiji. Ikiwa mtakwenda kisiwa cha Wasini, pandeni chombo asubuhi na mapema, kwa kuwa Agosti ni wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, nao huzidi mchana.

MwenyejiWaMuheza

Namheshimu ndugu aliyetangulia, lakini kwa safari hii ningegeuza ushauri wake. Mkianza na bamvua, mtafika Pangani siku za maji mafu, na fungu la mchanga la Maziwe, ambalo zamani lilikuwa kisiwa chenye miti, hutokeza vizuri zaidi bamvua inapokupwa. Anzeni na maji mafu: asubuhi muoge Diani, saa nane mchana muende Sheldrick.

Shimoni iacheni kwa safari nyingine. Mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro unataka pasipoti, hati za gari na bima ya COMESA (ya gari linalovuka mipaka), na shughuli hizo zinaweza kula nusu siku. Kutoka Tanga njooni Muheza, nunueni machungwa, kisha mpande Amani kwa barabara ya udongo yenye kona kali, na mlale huko siku mbili. Chukueni mwongozaji kutoka ofisi ya hifadhi. Mimi niliwahi kuteleza kwenye njia ya Derema kwa sababu ya kuvaa kandambili, na mkono ukaniuma mwezi mzima, kwa hiyo watoto wavae viatu vya kufunga. Mzee asiyetaka kuteremka atembezwe katika bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ambayo miti yake peke yake ni safari kamili. Usiku ni baridi, bebeni masweta.

MkaaziWaTudor

Nimewashukuru sana nyote. Tutaondoka siku ya maji mafu, tulale Diani mara mbili, tusimame Gazi tu, kisha tuvuke mpaka kwenda Amani, na tumalizie Ushongo. Mume wangu anaulizia jambo moja: je, gari dogo lisilo la magurudumu manne ya kuvuta litaweza kupanda Amani mwezi wa Agosti, au tuliache Muheza?

MwenyejiWaMuheza

Kukiwa kukavu litapanda, mradi tumbo lake lisiwe chini sana. Mvua ikinyesha siku hiyo, liacheni Muheza mpande na gari la abiria.