Wasoma maswali, watunza alama, wabeba viti: waliojitolea kwenye chemsha bongo za vyuo tuwashukuru hapa (tupeane uzoefu)

Mgeni_wa_Baridi
Wakuu salaam. Nimemaliza chuo huku Marekani, na jana nikifungasha nimekuta karatasi ya alama ya raundi ya saba, ina doa la kahawa. Imenikumbusha watu ambao sikuwahi kuwaaga vizuri.

Miaka miwili nilichezea timu ya chuo. Kwa asiyeujua mchezo: timu mbili, watu wanne wanne, kila mmoja na kitufe chake. Msomaji anasoma swali refu linaloanza na dokezo gumu na kushuka taratibu hadi jepesi, na unaruhusiwa kumkatiza. Ukipatia, pointi 10 na timu inapewa bonasi ya vipengele vitatu. Ukimkatiza halafu ukakosea, unakatwa 5. Mechi moja ina maswali 20 ya namna hiyo, na kwa siku mnaweza kucheza mechi 10. Sasa piga hesabu huyo msomaji ameongea kiasi gani mpaka jioni. Na halipwi. Anapewa piza.

Wetu siku hiyo alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa kemia, wa chuo kingine kabisa, ameendesha gari mwendo wa saa nne kwenye theluji. Likaja swali: sarafu za mji huu ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia... Mimi kimya, sarafu sizijui. Akaendelea, kuna kasri linaitwa... akajikwaa, "Hyuzuni Kyubwa", yaani Husuni Kubwa. Nikabonyeza kabla hajamfikia msafiri Ibn Battuta na ziara yake ya mwaka 1331. Kilwa!

Mechi ilipoisha wenzangu wakakimbilia chakula. Yeye akanifuata na karatasi yake: hili neno kwenu mnalitamkaje? Nikamtamkia. Akaandika kwa penseli juu ya neno, hu-SU-ni, akarudia mara tatu kwa ile sauti iliyokwisha kukauka. Maswali yale yalishasomwa vyumba vyote, hayarudiwi tena. Aliandika tu.

Haya, nani alijitolea kwenu?

Nyar_Kisumu
Mimi nilikuwa upande huo wa kusoma, hapa hapa Marekani, na nikuambie ukweli, koo si tatizo. Tatizo ni majibu.

Swali la ziwa. Karatasi inasema jibu ni Ziwa Malawi. Kijana akabonyeza, "Nyasa". Najua vizuri ni maji yale yale, lakini karatasi haikuandika Nyasa ikubaliwe, na msomaji hajitungii sheria njiani. Nikasema siyo. Uso wa yule kijana bado ninauona. Wakakata rufaa, tukaiandika pembeni, mechi ikaendelea, na mwisho wakapoteza kwa pointi 5.

Rufaa ikaenda kwa mkuu wa mashindano, msichana wa mwaka wa tatu tu. Tulimkuta ukumbini anakata mikate kwa sababu chakula kilikuwa kimepungua. Akatusikiliza kisu kikiwa mkononi, akawapigia waliohariri maswali, na kabla chai yangu haijapoa kijana alikuwa amepewa pointi zake. Matokeo yakageuka. Timu moja ikashangilia, nyingine ikanuna, yeye akarudi kwenye mkate. Sikumbuki kama kuna mtu alimwambia asante. Mimi mwenyewe sikumwambia.

Mwana_wa_Mbamba_Bay
Dada Nyar, kwanza hiyo karatasi iliyoandika Malawi peke yake ichomwe 😂 Mimi ningekata rufaa mpaka mahakama ya dunia. Wajerumani na Waingereza walitugawia ziwa vibaya 1890, leo mtuondolee na jina kwenye chemsha bongo?

Babu_Redio
Vijana, mchezo huu hamkuuanzisha nyie. Wamarekani waliupeleka redioni 1953, wakauhamishia kwenye televisheni 1959, Waingereza wakauiga 1962 na wanao hadi leo. Vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi nao wana ya kwao tangu 1989, kwa udhamini wa Honda. Majina ya watangazaji yamehifadhiwa. Waliopanga viti hakuna anayewajua.

Fundi_Chaki
Huko kwenu kuna vitufe. Chuoni kwetu, Nyanda za Juu Kusini, hatukuwa navyo. Tulimfuata fundi baiskeli sokoni, akatuazima kengele nne, mbili kila timu. Akachagua mwenyewe: hizi zinalia nyembamba, hizi nzito, ili mjue nani kawahi.

Sasa nani asikilize? Tukampata dada mmoja wa uhasibu. Akasema ili asije akaambiwa anapendelea, atakaa amewapa wachezaji kisogo. Akageuza kiti akatazama ubao. Kengele ikilia anasema "nyembamba" au "nzito", basi, kisha anachora kijiti kwenye upande wa timu iliyopatia. Hakuna aliyembishia siku nzima, na mnajua vijana wa sheria wanavyobisha.

Saa kumi na moja umeme ukakatika, tukiwa nusu fainali. Yeye hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma bila kuangalia, akasema, "Tochi." Nikampa simu yangu. Akaibana kidevuni akaendelea kuchora vijiti. Mwisho wa shughuli kitenge chake kilikuwa cheupe kwa chaki kuanzia kiunoni kwenda chini.

Posho tuliyoahidiwa na ofisi moja (siitaji) hatujaiona mpaka leo. Tuliokaa naye tulichanga tukamnunulia chipsi mayai na soda. Sasa hivi ni mhasibu kweli, na kwenye harusi yangu ndiye aliyeshika daftari la michango.

Nyar_Kisumu
Kumpa mtu kisogo ili uwe wa haki! Huyo ningemwazima mashindano mazima.

Mgeni_wa_Baridi
Mkuu Fundi, nimecheka peke yangu kama mwehu hapa na masanduku yangu. Ila hujatuambia: kengele za watu zilirudi?

Fundi_Chaki
Tatu zilirudi. Ya nne waliondoka nayo mabingwa, wakadhani ni sehemu ya zawadi. Fundi kila akiniona sokoni ananipigia nyembamba.