Nimeacha maziwa, sasa chai hainyweki. Nyinyi mwanywa nini?

BintiKisauni
Asalaam aleikum jamaa. Mimi ni mtu wa chai ya maziwa tangu utotoni, ile nzito ya hiliki, na mahamri na mbaazi. Siku hizi maziwa yanijaza tumbo. Nikinywa asubuhi nashinda nimevimba mpaka adhuhuri. Nikahamia mkandaa, yaani chai kavu isiyo na maziwa. Sasa yatoka tungu, ya kukausha ulimi, na ikikaa kidogo yafanya utando juu, kikombe chabaki na duara jeusi lisilotoka ila kwa steelwaya. Nimebadilisha pakiti ya majani, wapi! Ya kijani nayo nilinunua, nikaishia kuimwaga. Chai gani ya moto hunyweka bila maziwa, na yapikwaje? Kwetu twatumia maji ya kisima.

MamaWaKibokoni
Wa aleikum salaam mwanangu. Ponda hiliki tatu na maganda yake, kijiti cha mdalasini, pilipili manga punje mbili, karafuu moja tu, ukizidisha utakuwa wanywa dawa ya jino. Chemsha mpaka nyumba inukie, kisha majani na sukari. Usiku mimi sitii majani kabisa, ni mchaichai mtupu.

ZamaniShimanzi
Nimekula chumvi nyingi kwenye magodauni ya chai, kwa hivyo nivumilieni nikirefusha.

Binti, majani yako hayana neno. La kwanza ni maji. Huku kwetu twakaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya kisima hutoka na chokaa ya jiwe hilo. Chokaa ikikutana na chai ndio huo utando. Pika kikombe kimoja kwa maji ya kisima na kingine kwa maji ya chupa, majani yale yale, uviweke pamoja dirishani utazame. Huna maji mengine? Kamulia ndimu. Utando hukatika, na rangi yafunguka hapo hapo kutoka weusi kuwa wekundu wa kung'aa.

La pili ni mazoea ya mkono. Chai ya maziwa yataka itokote, kwa sababu maziwa huushika ule ukali wa majani. Ukiyatoa maziwa na bado watokosa vile vile, ukali wote wakungoja wewe. Na majani ya Kenya mengi ni CTC: mashine huyaponda, ikayachana, ikayaviringa yakawa chembe, na chembe hutoa rangi upesi. Kwenye mnada wetu wa Mombasa (ulianza Nairobi 1956, ukahamia huku 1969) utasikia madaraja ya majani: BP1, PF1, PD, D1. BP1 ndiyo yenye chembe kubwa, D1 ni vumbi. Vumbi ukilichemsha dakika kumi bila maziwa, usilaumu pakiti.

Muonjaji hachemshi majani. Kipimo cha kimataifa cha kuonjea ni gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, unafunika dakika 6, basi. Halafu mtu avuta kijiko kwa kishindo hadi chumba cha pili wasikie, atema, aenda kikombe kinachofuata. Na hizo dakika 6 ni za kutafuta kasoro. Za kunywa, 3 zatosha.

Kwa hivyo viungo vya Mama hapo juu vichemshe utakavyo, hata robo saa. Zima moto. Ndipo utie majani, funika, kisha chuja yote ndani ya chupa ya chai. Majani yakilala ndani ya chupa mpaka alasiri, utakachomimina hata mgeni umchukiaye hutampa.

Ya kijani yaungua kwa maji yanayochemka. Maji yakishachemka yamimine kwenye jagi, toka jagi uyamimine kwenye buli. Yatashuka karibu nyuzi 80. Dakika 2, utoe majani. Hata hivyo mimi siipendi sana. Ya zambarau, ule mche wa TRFK 306 uliotolewa 2011, ukiitia ndimu hugeuka waridi na watoto hushangilia. Ladha yenyewe ni ya kawaida tu.

MtuWaLikoni
Mzee, chai sasa yahitaji saa na mizani? Mimi tangawizi ya kuponda, maji, asali, nimemaliza. Na kahawa tungu mbona hamuitaji?

MamaWaKibokoni
Kahawa ifungulie mada yake, hapa hatutatoka.

BintiKisauni
Shukran sana. Nimenunua mtungi wa maji ya mfereji kwa mwenye mkokoteni, nikazima moto kabla ya majani. Utando hakuna. Tungu kidogo ipo, lakini ile ya kunyweka, hata mume wangu kaongeza. Mama, mchaichai watia kiasi gani?

MamaWaKibokoni
Majani matano sita mabichi kwa sufuria ya watu wanne. Yaoshe, yafunge fundo yasitambae sufuriani, yachemke dakika kumi, uepue. Usiwe wanunua kila mara. Omba shina lenye mizizi kwa jirani, ulipande kwenye ndoo kuukuu mahali penye jua. Ila hilo limwagilie maji ya mvua ukipata, maji yenu ya chumvi yataliua.